TAHADHARI: Muuzaji wa winchi za nanga amenitapeli mchana kweupe hapa Dodoma

Ndugu zangu wenye mashua Mtera, ninaandika haya kwa aibu na hasira, na sasa mnajua kwa nini safari ya Jumamosi iliharibika.

Winchi yangu ilipoanza kulia "tak" bila kuvuta mnyororo, niliifungua nikaipeleka kwa muuzaji mmoja wa vipuri mjini. Alinivutia kiti, akaiweka juu ya gunia, akaiunga kwenye kibetri cha pikipiki. Ikalia "tak", mota isizunguke. Akaiinamia, akainusa, akatikisa kichwa taratibu: "Mzee wangu, pole. Imeungua, hata kuisuka ni kupoteza hela." Kisha akatoa ya kwake, nyeupe inayong'aa, akaiunga kwenye betri kubwa ya N70 iliyokuwa chini ya meza, nayo ikanguruma hadi gunia likasogea. Nikampa shilingi 850,000, nikamwachia na yangu kama chuma chakavu, nikamshukuru kwa mikono miwili.

Msinicheke. Mtu huyo alinieleza mambo ya kweli kabisa, kwamba mota ya wati 1,000 kwenye volti 12 hula zaidi ya ampea 80, ndiyo maana haitaki waya mwembamba, ningemdhaniaje tapeli? Hesabu hiyohiyo ndiyo inayomuumbua, kwa sababu kibetri cha pikipiki hakiwezi kuubeba mzigo huo, naye alilijua hilo alipokiunga.

Mtera, winchi "mpya" ikalia "tak" ileile. Kijana wetu akakwangua kichwa cha waya wa hasi, kutu ya kijani ikamwagika. Baada ya kusafishwa, winchi ilivuta nanga kama mita mbili ikafuka moshi. Kumbe tatizo lilikuwa waya wa mashua tu, winchi yangu ilikuwa nzima!

Simu zangu hapokei. Nataka arudishe fedha yote, anyang'anywe leseni, apelekwe mahakamani, na akae ndani hadi ajute, kwani nanga isipopanda upepo wa alasiri ukianza, ni roho za watu. Dalili zilikuwepo: rangi ilipita hadi juu ya vichwa vya bolti, kibati cha volti kilibanduliwa, na risiti ilikuwa ya mkono, si ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi.

Kesho asubuhi ninakwenda polisi. Atakayeikuta winchi yangu ikiuzwa, pengine imeshapakwa nyeupe, aitazame kwa chini: kuna bolti moja ya shaba kati ya tatu za chuma.