Kozi ya kujiandaa na mtihani wa SE: nzuri kwa nguvu za wima, ila omega wameiacha na hawataki kuambiwa

Nilipoanza kuandika haya nilikuwa nimeshaweka nyota moja. Nikaifuta, nikaweka tatu, kisha nikashusha tena. Mtaona wenyewe kwa nini.

Kozi ni ya mtandaoni, inawaandaa wahandisi wa miundo (SE) kwa mtihani wa leseni wa Marekani unaotungwa na NCEES, baraza la mitihani ya wahandisi. Bei, idadi ya video na muda wa usajili vipo kwenye ukurasa wao, sina haja ya kuvirudia. Mimi nimekuja na swali moja tu kutoka benki yao ya maswali ya nguvu za mlalo (kama tetemeko na upepo), na majibu niliyopewa nilipowaandikia kwamba ufunguo wao wa majibu una kosa: umeacha omega, kizidishi cha kuongeza nguvu ya tetemeko kwenye viungo visivyotakiwa kukatika mapema.

Swali lenyewe ni hili. Jengo la ghorofa moja, futi 120 kwa 60. Kuta ni za matofali ya saruji yenye nondo, zile zilizosanifiwa mahsusi kwa tetemeko, na ndizo zinazobeba paa. Paa ni plaiwudi juu ya mbao. Jengo lipo kundi D la usanifu wa tetemeko, mojawapo ya makundi ya hatari kubwa kati ya A na F. Nguvu ya tetemeko usawa wa paa umeshapewa: pauni 500 kwa kila futi ya ule urefu wa futi 120. Upande mmoja mfupi ukuta hauendi mpaka mwisho. Una futi 40, na futi 20 zilizobaki ni uwazi wenye boriti juu. Boriti hiyo ndiyo kolekta: inazoa nguvu ya paa pale pasipo na ukuta na kuifikisha ukutani. Unaulizwa kolekta isanifiwe kwa nguvu kiasi gani.

Hesabu ya mwanzo haina ugumu. Nusu ya paa inaelemea upande huo: 500 mara 120, gawa kwa 2, unapata pauni 30,000. Zigawanye kwa futi 60 za kina cha paa, mkato wa dayaframu (paa lenyewe linapopeleka nguvu kwenye kuta) ni pauni 500 kwa futi. Kolekta ina futi 20, kwa hiyo nguvu inayofika mwanzo wa ukuta ni pauni 10,000. Hakikisha kwa upande wa pili: ukuta unabeba 30,000 kwa futi 40, yaani 750 kwa futi, ondoa 500 zinazoingia kutoka kwenye paa, zinabaki 250, mara futi 40 ni 10,000. Hesabu imefunga. Mpaka hapo niko nao.

Wao wanaishia hapo. Ufunguo unasema 10,000, na aliyechagua 20,000 anawekewa alama nyekundu na maelezo kwamba ametumia omega pasipohitajika.

Inahitajika! Kifungu 12.10.2.1 cha ASCE 7-16, kanuni ya Marekani ya mizigo ya majengo, toleo lilelile wanalolifundisha, kinasema kolekta na viungio vyake, pamoja na kiungio cha kolekta na ukuta, kwa majengo ya kundi C hadi F, zisanifiwe kwa nguvu zilizozidishwa omega. Kwa kuta hizi jedwali linatoa omega ya 2.5. Tanbihi ya jedwali hilohilo inaruhusu kupunguza 0.5 iwapo dayaframu ni nyumbufu (inapinda kirahisi kuliko kuta) na omega si chini ya 2.5. Plaiwudi juu ya kuta za matofali inahesabiwa kuwa nyumbufu. Inabaki 2.0. Mara 10,000 ni pauni 20,000. Kiwango cha chini cha nguvu za dayaframu kilichomo kwenye kanuni nacho hakibadilishi kitu: R, kigawanyo kinachopunguza nguvu ya tetemeko, ikiwa 5, kwa jengo fupi kama hili, kinatoka sawasawa na nguvu ya msingi, na kwenyewe hakizidishwi omega, kwa hiyo hakiwezi kuzipiku 20,000. Rho, kizidishi cha majengo yenye kuta chache za kuhimili tetemeko, nayo hapa ni 1.0.

Haya si mambo ya karatasi tu. Ile R ya 5 maana yake tumeipunguza nguvu ya tetemeko tukitegemea ukuta utapindika, nondo zitavutika, na nishati itaishia humo. Ili ukuta ufike hatua hiyo, lazima kitu kinachouletea nguvu kiwe bado kizima. Kolekta ikikatika mapema, au ukanda wa chuma unaoifunga kwenye ukuta uking'oka, paa linaachana na ukuta kabla ukuta haujafanya kazi yake hata kidogo. Ndiyo sababu omega inawekwa kwenye kolekta na haiwekwi kwenye plaiwudi. Mkato wa dayaframu unabaki 500 kwa futi. Kuzidisha huko nako ni kosa, na ni kosa la kawaida la mtu anayekariri bila kuelewa.

Niliwaandikia. Barua fupi, yenye heshima, na namba ya kifungu. Jibu la kwanza lilikuja baada ya siku chache: omega ni ya nguzo na boriti zinazobeba ukuta uliokatika juu (usioshuka mpaka kwenye msingi), nisome tena. Hicho ni kifungu kingine kabisa, 12.3.3.3. Nikawaeleza kwa upole kwamba vyote viwili vipo, na hapa kinachohusika ni cha kolekta. Jibu la pili likasema kuna msamaha kwa majengo ya mbao. Upo, ni kweli. Lakini msamaha unahusu jengo, au sehemu ya jengo, ambalo kuta zake zote za kuhimili nguvu za mlalo ni za mbao nyepesi. Swali lao lina paa la mbao na kuta za matofali. Mtunzi hakusoma hata swali alilolitunga mwenyewe. Jibu la tatu nalinukuu lilivyo: “Walimu wetu wamefaulu mtihani huu. Tunakushauri ujikite kwenye kujifunza badala ya kubishana.” Wakalifunga shauri.

Kukosea si tatizo. Benki yenye mamia ya maswali haiwezi kukosa kasoro mbili tatu, na ningeisamehe hata kasoro kubwa kuliko hii. Kinachoniudhi ni kwamba mtu anayelipia kozi kama hii mara nyingi ni mtu aliyetoka kushindwa, na hana pengine pa kujihakikishia.

Zamani mtihani ulikuwa wa karatasi, siku mbili za saa nane nane, na mchana ulikuwa unaandika hatua zako zikasomwa na msahihishaji. Tangu Aprili 2024 uko kwenye kompyuta, umegawanywa sehemu nne: upana (maarifa ya jumla) na kina (usanifu wa undani) kwa nguvu za wima, upana na kina kwa nguvu za mlalo. Kwenye kina unachagua majengo au madaraja. Maswali ya kuandika kwa mkono yameondolewa. Hakuna tena mtu wa kuona kwamba njia yako ilikuwa sahihi ukasahau kizidishi kimoja tu. Ukiweka 10,000 pale panapotakiwa 20,000, umekosa. Basi anayekufundisha kuacha omega hakupunguzii nusu alama, anakunyima swali zima.

Na ukishindwa, unachopewa ni taarifa ya uchambuzi: maeneo ya mtihani, idadi ya maswali kwa kila eneo, na wewe ulisimama wapi ukilinganishwa na waliofaulu. Huonyeshwi swali hata moja. Masharti uliyosaini yanakukataza kusimulia maswali, kwa hiyo huwezi kumuuliza mwenzako “lile la kolekta wewe ulipata ngapi?” Ukiona mstari wa nguvu za mlalo uko chini, unarudi kwenye benki ileile, unapiga swali lile lile, unapata alama ya kijani kwa jibu baya, unafurahi kwamba umeimarika. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kozi hii inaweza kumrudisha mtu kwenye chumba cha mtihani akiwa dhaifu kuliko alivyotoka, tena akiwa na imani zaidi.

Lakini haki nayo isemwe. Sehemu yao ya nguvu za wima ni bora kuliko zote nilizoziona, na hapa ndipo nyota zangu zinapoyumba. Chukua theluji inayorundikana kwenye paa la chini kando ya paa la juu. Kozi nyingi hufanya upande mmoja na kusonga mbele. Hawa wanakulazimisha kufanya yote mawili: theluji inayotoka paa la juu, kisha ile inayosukumwa na upepo kutoka paa la chini ambayo inachukua robo tatu ya kimo, halafu uchukue kubwa. Kwa paa la juu la futi 100 na theluji ya ardhini ya pauni 30 kwa futi ya mraba, kimo cha rundo ni futi 3.5 na upana wake futi 14. Uzito wa theluji ni pauni 17.9 kwa futi ya ujazo, hivyo kilele kinaongeza kama pauni 63 kwa futi ya mraba. Kisha wanakuuliza ni boriti gani ya paa inayolibeba rundo hilo, maana pembetatu haigawanyiki sawa. Huyo aliyetunga sehemu hiyo ni mwalimu kweli. Ya nguzo kutoboa bamba la zege pia ni safi: mzunguko wa nusu ya kina kutoka uso wa nguzo, halafu hawasahau kwamba kwa nguzo ya mraba ya katikati asilimia 40 ya momenti (nguvu ya kupinda) inayohamishwa inapita kwa mkato. Wengi huiacha ile 40.

Kwa hiyo kama umebakiwa na sehemu za wima peke yake, nunua. Nasema bila kusita.

Kama ni za mlalo, basi usinunue. Na kama umeshalipa, usiamini ufunguo wowote wa kolekta, nanga za ukuta au nguzo chini ya ukuta uliokatika mpaka uwe umefungua kifungu mwenyewe. Fanya hivyo kwenye skrini, si kwenye kitabu cha kufunua, kwa sababu mtihanini vitabu vya kanuni ni vya kwenye skrini. Zoea kutafuta kwa namba. Ukiandika neno “kolekta” kwa Kiingereza utaletewa sehemu chungu nzima, ukiandika 12.10.2 unafika. Ramani kichwani iwe tayari: tetemeko kwa majengo ni sura ya 12 ya ASCE 7, vitu visivyo vya muundo ni 13, upepo ni 26 na kuendelea. Kwenye ACI 318-14, kanuni ya zege, nanga ni sura ya 17, tetemeko 18, uwezo wa mkato na momenti 22, urefu wa kushika nondo 25. Kozi haifundishi ramani hii popote, wakati ndiyo inayookoa dakika.

Kuna pia somo lao la “baada ya matokeo”. Dakika nyingi za maneno ya kutia moyo, kazi hakuna. Mtu aliyeona neno la kushindwa anahitaji la kufanya kesho asubuhi. Wangemwambia achukue taarifa ya uchambuzi na asikimbilie mstari ulio chini kabisa; aanze na eneo lenye maswali mengi ambamo amepungua, kwa kuwa eneo la maswali machache hata ulimudu lote halikuvushi. Kisha apige maswali mapya ya eneo hilo mara mbili: kwanza kwa saa, halafu bila saa. Akikosa kwa saa na kupata bila saa, tatizo ni kasi ya kutafuta kifungu, hana haja ya kusoma nadharia upya. Akikosa mara zote mbili, arudi kwenye msingi. Akipata mara zote mbili lakini taarifa inasema alikuwa chini, atazame vizidishi: omega, rho, ile nyongeza ya asilimia 25 ya jengo lenye mpangilio usio wa kawaida, ambayo kwenye nguvu iliyokwisha kuzidishwa omega haiongezwi tena. Makosa ya namna hiyo huyaoni unapofanya, kwa sababu hesabu inafunga vizuri tu. Inafunga, kama ile 10,000 ilivyofunga.

Nilikuwa nimefika nyota tatu nilipoandika habari za theluji. Kabla ya kutuma nimefungua swali tena. Bado limo, ufunguo ni uleule, na chini yake kuna mwanafunzi mwingine ameuliza kuhusu omega akajibiwa habari ya nguzo na ukuta uliokatika, neno kwa neno kama mimi. Amejibu, “Asante mwalimu, nimeelewa sasa.”

Nyota mbili. Wakilirekebisha na kumwandikia yule mwanafunzi, nitaweka nne siku hiyohiyo.