Nimeongeza paneli mbili, inveta ni ileile: uzoefu wangu wa Sahare, Tanga

Sola tulifunga 2021: paneli 4 za wati 250, inveta (mashine inayogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumia nyumbani) ya kVA 3 ya volti 24, betri 2 za Ah 200, yaani ukubwa wa akiba yake. Kwa taa, TV na feni ilitosha kabisa. Nikanunua friza, nikaanza kuuza barafu na askrimu za ubuyu, ndipo masika yakaniumbua. Mawingu siku tatu, saa nne usiku inveta inalia, asubuhi askrimu zimekuwa maji.

Fundi wa kwanza, kijana tu, alikuja na jibu lake mkononi. "Mama, tuongeze nne ziwe nane." Inveta itazibeba? Akacheka, eti jua halijawahi kuunguza inveta. Kitabu cha inveta nilikuwa nimekitunza kwenye mfuko mmoja na hati ya kiwanja: volti za paneli zisizidi 145, wati 1,500. Na stika nyuma ya paneli zangu inasema volti 37.6 kabla ya kuunganishwa na chochote. Yeye alitaka kuziunga nne nne kwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine, na hapo volti hujumlishwa. 37.6 mara 4 ni 150.4. Mimi muuza barafu, lakini kuzidisha najua. Wati zikizidi kidogo inveta huchukua inazoweza na kuacha nyingine. Volti zikizidi, imekwenda hiyo.

Wa pili alikuwa mtu mzima, mita shingoni. Tuongeze mbili tu, akasema, mistari miwili ya tatu tatu. Kazi ikawa kuzipata, maana Ngamiani nzima nilionyeshwa za 450 na 550. Muuzaji mmoja aling'ang'ania nichukue 550 moja, "ni sawasawa na mbili zako, dada." Kwa wati, kweli. Ila kwenye mfululizo ampea za mstari mzima hushuka hadi za paneli iliyo dhaifu kuliko zote, kwa hiyo 550 yenye ampea 13 ingejikuta inatembea na 8 za hawa wazee wangu. Mwishowe nikapata mbili za mtumba, wati 270 kila moja.

Hizo mbili mzee hakuziweka pamoja. Kila mstari alitia moja pamoja na mbili za zamani, volti zilingane pande zote. Kabla ya kuchomeka kwenye inveta akapima: 104 huku, 103 kule. Nikashtuka, kwa stika zilitakiwa 113. Akanishika mkono akauweka kwenye fremu ya paneli, nikauondoa mbio. Joto hushusha volti, na ilikuwa saa tano juu ya bati.

Jambo ambalo nisingelijua peke yangu: aliingia kwenye menyu akaweka kikomo cha kuchaji betri ampea 40. Chaja ya inveta hii inafika 60, na kwa betri za Ah 200 hizo ni nyingi, zingechemka.

Zamani saa sita mchana skrini ilisoma wati 780 hivi, sasa 1,180. Betri zinajaa saa saba badala ya saa tisa. Zikishajaa wati zinaanguka hadi 200. Siku ya kwanza nilidhani kimeharibika kitu, kumbe hakuna pa kuzipeleka. Masika ya mwaka huu friza ilizima usiku mmoja tu.

Binti yangu alidhani sasa tutapiga pasi huku jagi la umeme linachemka. Wapi! Inveta inatoa wati 2,400 ileile, paneli ziwe nne au sita.

Kinachonikera ni kivuli cha mwembe wa jirani. Saa kumi kinagusa paneli moja ya pembeni na mstari wake wote unalegea. Tawi ni moja tu, la kukata kwa dakika tano. Lakini jirani huyo kila msimu ananiletea ndoo ya boribo, na mpaka leo sijajua nianzie wapi.