Nimelipia Nothing ya 2002, nimepewa ya 2006

Bidhaa imeandikwa wazi kabisa: Meshuggah (ile bendi ya metali ya Sweden), albamu Nothing, 2002. Kufungua, ni ile ya 2006. Kumuuliza muuzaji, ananijibu, "Kaka, albamu ni ileile, nyimbo zilezile kumi, sasa shida yako nini?" Shida yangu ni magitaa, bwana mkubwa. Ya 2006 magitaa yamepigwa upya!

Msije mkaibiwa kama mimi. Msiangalie mwaka kwenye faili, huo mtu yeyote anaandika anavyotaka. Nendeni wimbo wa mwisho, Obsidian. Ukiwa na dakika nne na ushee hivi, hilo ndilo toleo la kwanza. Ukivuka nane, mmepigwa.

Na tofauti si ndogo. Wale Waswidi walitaka kurekodi kwa magitaa ya nyuzi nane, lakini ya majaribio waliyotengenezewa yakawa na kasoro, wakaishia kuchukua Ibanez za nyuzi saba na kuzilegeza. Sasa chukua gitaa la kawaida la nyuzi saba, ushushe uzi mnene kabisa, wa noti B, mpaka F: mkazo unabaki nusu. Ukiugonga kwa nguvu, noti inaanza juu kidogo ya mahali pake halafu inazama. Dawa ni uzi mnene zaidi (na hapo itabidi utanue mfereji wake pale juu ya shingo, la sivyo unakwama na tyuni haikai) au gitaa lenye shingo ndefu. Ule mzamo ndio ninaoutaka mimi! Katika wimbo wa Rational Gaze, humo humo kwenye albamu, matoazi yanahesabu nne nne kwa utulivu, magitaa yanazunguka kwa hesabu yao nyingine, na wanakuja kukutana pigo la 64. Nyuzi zikiwa zimelegea, kule kukutana kunakuwa kama lori bovu linaloingia stendi kwa bahati.

Haya, niseme ukweli ingawa unaniuma. Hii ya 2006, kwa magitaa ya nyuzi nane, F ya chini imesimama wima, haizami. Wimbo wa Nebulous wameupunguza mwendo, na umezidi kuwa mzito. Pengine ndivyo walivyokusudia tangu mwanzo. Pengine hata ni bora. Muuzaji asifurahi.

Ila msiisikilize kwa spika ya simu. F ile ni kama hertz 44, spika ya simu haifiki huko; mtasikia zile sauti za juu zinazolia pamoja nayo tu, za hertz 87 na 131, halafu mseme gitaa ni jembamba. Na zimeni ile besi ya kuongezea, inavimbisha ngoma ya mguu mpaka inameza nyuzi.

Albamu nyota nne. Tano, basi. Muuzaji moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haibonyezeki. Obsidian ya dakika nane bado siitaki, na hela yangu naidai.