Honda CG125 ya marehemu baba na sili zisizodumu

Mwezi mmoja, pea mbili za sili, zile mpira zinazozuia oili isivuje kwenye shokapu za mbele za pikipiki. Gereji ya kwanza, ambayo siitaji, walizibadilisha kwa nusu saa, nikalipa, nikaenda Pangani na kurudi. Wiki ya pili oili ikaanza kuchuruzika tena kwenye shokapu za mbele mpaka kwenye ringi. Wakaweka nyingine. Yakawa yale yale.

Jirani akanielekeza kwa fundi mmoja mtu mzima pale Ngamiani, hapa Tanga mjini, anayefanyia kazi chini ya mwarobaini. Hakukimbilia spana. Alifuta bomba la shokapu, lile linaloingia na kutoka kwenye sili, kwa kitambaa, akaniambia, "Hebu pitisha ukucha hapa, mwanangu." Ukucha ukakwama. Vitobo vya kutu, vidogo kama ncha ya sindano! Naishi Raskazone, pikipiki inalala nje, na chumvi ya bahari imekuwa ikiila kromu ya bomba taratibu. Kila shokapu ikibonyea, vitobo hivyo vinakwangua mdomo wa sili. Mpya ingedumu vipi?

Boliti ya chini ya shokapu aliilegeza kabla ya kutoa springi, kwa sababu springi ikiwa bado imebana ndiyo inayozuia fimbo ya ndani isizunguke bure. (Mimi niliwahi kujaribu nyumbani, nikatoa springi kwanza. Nilizungusha boliti ile mpaka magharibi.) Oili iliyotoka ilikuwa ya kijivu, inanuka kama dagaa walionyeshewa na mvua. Vitobo vyenye kina akaviziba kwa gundi ya chuma, ikakauka usiku kucha, kisha akapiga msasa wa maji, namba 1000 halafu 2000, mpaka ukucha ukapita. Sili akaitelezesha juu ya kipande cha nailoni ili ukingo wa bomba usiikate, akaigongea ndani kwa kipande cha bomba la maji la plastiki. Oili akaipima kwa chupa ya kunyonyeshea mtoto, shokapu zote mbili sawasawa.

Sili 15,000, oili 18,000, ufundi 25,000. Kasoro ya fundi huyu ni ahadi: aliniambia kesho mchana, nikaichukua siku ya tatu, na simu hapokei.

Sasa ni miezi mitatu, mabomba makavu, na nikishika breki pua haizami tena kama zamani. Ameshanionya kwamba gundi si kromu, nitafute mabomba mapya. Natafuta. Kwa sasa naifunika turubai, na kila jioni nayafuta kwa kitambaa chenye oili kidogo.