Walichapa “Ny)mbo” kwenye ratiba ya mazishi, kisha wakanidai

Printa ya hii saiba, duka la kompyuta na uchapaji, ni safi, hilo siwanyimi. Wino haupakai na fotokopi haicheleweshwi. Lakini ukiwa na kitu cha Gĩkũyũ cha kuchapa, pita mbali.

Juzi juzi nilipeleka pale ratiba ya mazishi ya shangazi. Nyimbo, wasifu, vyote nimeandika kwa mkono, na kila kimkia juu ya ĩ na ũ nimekikoleza kwa kalamu nyekundu. Pembeni nikamwandikia kijana wa kuchapa hadi namba za herufi kwenye kompyuta: shikilia Alt, bonyeza 0297 upate ĩ, 0361 upate ũ, na ufanyie kwenye Word. Akaitikia kwa kichwa.

Kumbe Word ya ile mashine kuukuu inachukua karne kufunguka, kwa hiyo bwana mdogo akachapa kwenye Notepad, programu nyepesi ya kuandikia. Notepad hiyo ya zamani haijui namba iliyozidi 255. Ikifika hapo inaanza kuhesabu upya. 361 ukitoa 256 inabaki 105, ambayo ni namba ya i ya kawaida. 297 inabaki 41, namba ya alama ya kufunga mabano. Nikakabidhiwa bunda zima, na juu kabisa kwa herufi nene: “Ny)mbo”. Mũrang'a, alikozaliwa marehemu, imekuwa “Mirang'a”.

Nikamwonyesha. Macho yake hayakutoka kwenye simu.

“Mzee, watu wataelewa tu. Nani anasoma hiyo vitu ndogo ndogo?”

Wazee wa kanisa ndio wanaosoma, kijana! Angeweka i na u tupu, kama wengi wanavyofanya, ningemeza. Lakini mabano, katikati ya wimbo wa kumzika mtu?

Nilikuwa tayari kuwapa sifuri. Ndipo dada wa fotokopi akaja, akamwondoa kitini, akafungua Word, akaandika 0169 (ndiyo 361 ile ile, ila kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita) kisha akabonyeza Alt na X. Herufi ũ hiyo hapo, na kimkia chake. Akapitia kurasa zote bila kununa, akinipa pole za msiba. Huyo ni nyota tano, bila ubishi, na nikaanza kuona labda nimewahukumu wote kwa kosa la mmoja.

Hadi nilipofika kaunta. Bili ina hadi zile karatasi za “Ny)mbo”. Eti wino umeshatumika! Mazishi yalikuwa kesho yake, nikalipa. Nyota moja, na hiyo ni ya dada.