Mozaiki: wavu mgongoni au karatasi usoni?

Vikaro vya mozaiki, yaani vigae vidogo vya kupamba ukuta au sakafu, havibandikwi kimoja kimoja. Kiwandani huunganishwa kuwa shiti za karibu sentimita 30 kwa 30. Hapa Bukavu mafundi wengi wamezoea zile za wavu: nyuzi za kioo zimegandishwa mgongoni, uso uko wazi, unaona rangi unapopanga, unakata wavu kwa kisu, unabandika. Kazi ya asubuhi moja.

Za karatasi zinasumbua. Karatasi ya kaki imefunika uso, kwa hiyo unabandika bila kuona picha. Kisha unailowesha kwa sponji, unangoja gundi ilainike, unaivua polepole ukielekea pembeni. Ukivuta kwa pupa, vikaro vinakuja nayo. Ila mgongo mzima wa kila kikaro umeshika saruji, na kabla haijakauka bado unaweza kunyoosha kile kilichokaa upande.

Ukuta wa jikoni, chukua wavu, usijitese. Kwa dushi au bwawa la kuogelea nang'ang'ania karatasi: niliwahi kung'oa shiti ya wavu kwenye nyumba moja Muhumba, gundi yake imekuwa uji, vikaro vinabanduka kwa kidole.