Uzoefu wangu: fundi wa tangi la samaki wa maji chumvi asiyetaka kuulizwa habari za sakafu

Nianze na nyota, maana najua wengi mnasoma hizo tu: moja. Nilitaka kutoa sifuri, ikashindikana.

Vipimo vya tangi, taa na skima (kifaa cha kutoa uchafu majini kwa mapovu) sivigusi. Vimo kwenye kijitabu na havikunidanganya. Kilichonichoma ni maneno aliyonitupia fundi mkuu siku ya kulifunga, na kila nikiyakumbuka masikio yananipata moto.

Nyumba yetu ni ya zamani. Sakafu ya sebuleni ni mbao juu ya boriti, na chini yake kuna uvungu ambao mtu huingia kwa kutambaa. Tangi ni la lita 800. Lita moja ya maji ya bahari ina kilo 1.025 hivi, kwa hiyo maji peke yake ni kilo 820, kabla hujaweka mawe, mchanga, stendi na vioo vyenyewe. Ni tani moja na ushei, imesimama mahali pamoja. Nikamuuliza kwa adabu zote: "Fundi, mmeangalia boriti zimelala upande gani?"

Hakugeuka hata kunitazama. "Mama, wewe chagua samaki. Sakafu tuachie sisi." Vijana wake wakacheka. Niliposisitiza kwamba nyumba ina umri, akapigapiga kisigino chini: "Hii imebeba watu tangu hujazaliwa. Itashindwa na samaki?"

Jamani, watu na maji ni mamoja? Wageni hata wakijaa sebule nzima, ikifika jioni wanaaga na kwenda zao. Maji hayaagi. Yanalalia boriti zilezile usiku na mchana, mwaka hadi mwaka, na mbao ikilemewa bila kupumzishwa hupinda kidogo kidogo, hata kama siku ya kwanza haikulia. Seremala yeyote atakwambia hivyo. Anayejiita bingwa wa matangi makubwa asipolijua hilo, anajua nini?

Wakaliweka kando ya ukuta mwembamba wa kugawa vyumba, kwa sababu tu soketi ilikuwa hapo. Wakajaza maji, wakachanganya chumvi, wakaondoka.

Niseme ukweli, wiki za mwanzo nilidhani nimemwonea. Walinieleza vizuri kwamba tangi jipya haliingizwi samaki mpaka bakteria wanaomaliza sumu za uchafu washike kwenye mawe: amonia, sumu ya kwanza, ipande, ishuke, naitraiti, sumu ya pili, nayo ipande na kushuka. Ikawa hivyohivyo. Samaki wakaingia, wakatulia, sebule ikapendeza mpaka jirani asiyependa samaki akawa anakuja kukaa. Wakati ule mngeniuliza, ningetoa nyota nne.

Kisha mtoto akikimbia sebuleni, uso wa maji unatikisika. Nikapuuza. Siku nyingine nikaona mstari wa maji haulingani na ukingo wa kioo. Nikachukua rula, nikapima kutoka ukingoni hadi kwenye maji, kona ya kushoto na ya kulia: tofauti ya unene wa kidole. Pimamaji ya fundi unaweza kuitilia shaka, ila maji yenyewe hayalali upande ili kukufurahisha. Kama maji yako sawa, kilichoinama ni tangi. Na tangi la kioo likiinama, uzito unaegemea upande mmoja, na maungio ya silikoni ndiyo yanayobeba dhambi.

Nikampigia. Mnajua alisema nini? "Gongea kabari chini ya stendi." Tangi likiwa limejaa! Yaani ninyanyue kona moja ya tani nzima kwa nyundo, kioo kisokoteke, halafu nikiamka nikute bahari zuliani.

Nikamwita seremala mmoja mzee, asiye na haraka. Akaingia uvunguni na tochi, akakaa huko kitambo. Boriti zilikuwa zimelala upande uleule wa tangi, kwa hiyo badala ya kukatiza boriti nyingi zigawane mzigo, tangi zima lilikuwa limekalia mbili tu. Mojawapo ilikuwa imeoza mwisho wake, pale inapoingia ukutani. Alipoichoma kwa bisibisi, ikazama hadi kwenye mpini.

Ikabidi tulifungue lote. Samaki kwenye mapipa pamoja na hita na pampu, mawe nayo yakalowekwa ili bakteria wasife. Seremala akaunga boriti mpya ubavuni mwa ile mbovu, akasimamisha nguzo chini yake, na tangi likahamia kwenye ukuta mnene wa nje, likikatiza boriti.

Na hapa ndipo wananichanganya. Kulifunga upya hakuja yule mkuu, alikuja mwanagenzi wao, binti mdogo. Kabla hajagusa kitu akaomba aone uvungu. Akatoboa tundu dogo kwenye bomba la kurudisha maji, chini kidogo ya uso wa maji, kisha akazima pampu mbele ya macho yangu. Maji yakaanza kurudi kwenye tangi la chini, lile la kuchujia ambalo pampu hupandisha maji kutoka humo, yalipofika kwenye tundu bomba likavuta hewa, yakakoma, na tangi la chini halikufurika. "Shangazi, umeme ukikatika usiku itakuwa hivi. Ila tundu usiache lizibwe na mwani." Nyaya zote akazilegeza zining'inie chini ya soketi kwanza, ili tone likitiririka lidondoke kabla ya kufika kwenye umeme. Yule mkubwa alikuwa ameziacha zimenyooka moja kwa moja. Mwisho akaniuliza kama nina swali!

Basi nikaja hapa kubadilisha, nikaweka tatu, nikafikiria nne. Kabla sijatuma, ikaingia bili kutoka kwa bosi wake: "Kuhamisha tangi kwa ombi la mteja."

Ombi la mteja!

Nimemjibu kwamba mteja ana ombi moja tu, aje atambae uvunguni mwenyewe, tochi nitampa. Amenyamaza. Bili siilipi, na nyota inabaki moja. Yule binti apewe tano zake, na mkilazimika kuwaita hawa, mtajeni yeye au msifungue mlango.